Kamba ya umeme ya angani inapogoma: dalili, vyanzo na pa kusimamia

Kamba ya umeme ya angani ni rahisi kuieleza. Chombo kinachozunguka Dunia kinatoa waya mrefu, wa mita mia kadhaa au wa kilomita kadhaa. Waya huo unakata uga wa sumaku wa Dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na tofauti ya volti inazaliwa kati ya ncha zake. Mkondo ukipita, uga uleule unausukuma waya. Chombo kinachoelekea mashariki huvutwa nyuma na kushuka bila kuchoma fueli hata tone. Ukiulazimisha mkondo upite kinyume kwa umeme wa paneli za jua, chombo kinapanda.

Matatizo yanaanzia kwenye jambo ambalo karibu kila anayeniletea grafu huwa amelisahau: waya ni nusu tu ya saketi. Hakuna waya wa kurudia. Elektroni huingia kwenye ncha moja kutoka katika plazma (gesi iliyovunjika kuwa elektroni na ioni, yaani atomi zenye chaji) ya ionosfia, tabaka la juu la hewa ya Dunia, hupita wayani, hutokea ncha ya pili na kurudi katika plazma. Nusu hiyo ya pili hukuitengeneza wewe, huwezi kuikaza kwa bisibisi, na hubadilika kila dakika. Kwa hiyo kabla ya kufungua programu au kulaumu betri, jibu maswali mawili: elektroni zinaingilia wapi, na zinatokea wapi?

Shika pia makadirio haya, maana yatakuokolea siku nzima. Katika obiti ya chini isiyoinama sana kutoka kwenye ikweta, tarajia volti 0.15 hadi 0.2 kwa kila mita. Kamba ya Italia na Marekani ya mwaka 1996, iliyofika kilomita 19.7, ilitoa karibu volti 3,500, yaani kama 0.18 kwa mita. Kamba ya mita 100 basi itakupa volti kumi na kitu, si mia mbili. Obiti ikipita karibu na ncha za Dunia, volti hupungua sana, kwa sababu chombo hakiukati tena uga kwa pembe mraba. Ukiona volti ndogo kuliko hesabu, anza na mwinamo wa obiti kabla ya kugusa kifaa chochote.

DALILI YA 1: Kamba haitoki, au imetoka kidogo ikakwama

Hapa plazma haina kosa. Nalitaja kwanza kwa sababu ndilo lililoua majaribio mengi kuliko fizikia yoyote ngumu.

Chanzo cha kawaida ni kitu kidogo cha chuma mahali pasipo pake. Mwaka 1992 chombo cha Atlantis kilibeba setilaiti ya Italia ya kilo 518 iliyotakiwa kwenda umbali wa kilomita 20. Ilifika mita 260 hivi tu. Bolti moja iliyoongezwa ili kuimarisha mashine ilikuwa imejitokeza na kuzuia kifaa kinachopanga waya kwenye gurudumu lake. Mwaka 2017 Wajapani walijaribu kamba ya mita 700 kwenye chombo cha mizigo cha Kounotori 6, na uzito wa mwisho haukuachia kabisa. Kwa hiyo kagua kwanza vizuizi, bolti za kuachilia, na mabadiliko yote yaliyofanywa baada ya jaribio la mwisho la ardhini. Mabadiliko ya dakika za mwisho ndiyo yenye hatari kubwa.

Chanzo cha pili ni msuguano. Mita za kwanza ni ngumu kwa sababu kinachoivuta kamba ni tofauti ndogo ya mvutano wa Dunia kati ya juu na chini. Chukua uzito wa mwisho wa kilo 20 ukiwa mita 10 kutoka kwenye chombo, katika kimo cha kilomita 400: nguvu inayoukaza waya haifiki hata nyutoni 0.001. Gundi kidogo, baridi iliyokaza plastiki, au mkunjo uliobaki wayani, vyote vina nguvu kuliko hiyo. Dawa yake ni kuupa uzito wa mwisho msukumo wa kuanzia, kwa springi au kwa gesi, hadi urefu uwe wa kutosha kujivuta wenyewe.

Simama hapa: waya ukishalegea, usiwashe mota mbele na nyuma ukitumaini utaachia. Waya uliolegea hujifunga mafundo. Zima mota, pakua picha na vipimo vya mkazo, uwape wahandisi wa mitambo waliojenga gurudumu hilo.

DALILI YA 2: Volti zipo, mkondo hakuna

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, na hapa ndipo subira ya fundi hupimwa kweli. Volti bila mkondo maana yake saketi imekatika mahali fulani, na mara nyingi haikukatika wayani. Imekatika kwenye mlango wa kuingilia au wa kutokea.

Anza na mlango wa kutokea. Elektroni hazitoki kwenye chuma baridi kwa hiari yao. Usipozipa njia, chombo kitajaribu kufunga saketi kwa kukusanya ioni, na hapo ndipo pabaya. Kwenye kimo hiki ioni nyingi ni za oksijeni, na kila moja ina uzito wa elektroni karibu 29,000. Elektroni hukimbia huku na huko kwa takriban kilomita 200 kwa sekunde. Ioni hutambaa kwa kilomita 1 hivi. Uso uleule unaokusanya mkondo mzuri wa elektroni utakusanya tone tu la ioni. Basi angalia kathodi, kile kifaa cha kutoa elektroni: je, kipasha joto kinawaka? Gesi inapita? Vali imefunguka? Joto limefika?

Kathodi ikiwaka lakini mkondo ukagota kwenye kiwango fulani bila kupanda, tatizo ni msongamano. Elektroni zilizotoka hujazana mbele ya mlango na kuzisukuma nyuma zinazofuata, kwa kuwa chaji zinazofanana hufukuzana. Bunduki ya elektroni na kathodi za ncha kali huumwa sana na ugonjwa huu. Kathodi ya uvungu, kile kibomba kinachopuliza gesi na kuigeuza plazma, huuepuka kwa kutengeneza wingu lake lenyewe lenye ioni na elektroni pamoja, wingu linalounganisha chuma na ionosfia. Mwaka 1993 jaribio la Marekani lililoitwa PMG lilifunga kathodi za namna hiyo pande zote mbili za waya wa mita 500. Likapata karibu ampea 0.3, na likaonyesha kwamba mkondo unaweza kupita kila upande: kamba kuwa jenereta au kuwa mota. Mimi ningechukua uzito wa ziada wa tangi la gesi kuliko kukesha na kathodi isiyotoa.

Mlango wa kutokea ukiwa mzima, hamia wa kuingilia. Kuna makosa matatu yanayojirudia.

La kwanza, uso umefunikwa. Alumini iliyotiwa tabaka gumu la oksidi hupendeza na haipati kutu, lakini tabaka hilo ni kihami, halipitishi umeme. Rangi ni kihami. Utepe wa njano wa kuzuia joto ni kihami pia. Kuna kikundi nilichokaa nacho siku tatu tukipekua programu ya chombo chao kidogo, kumbe tufe lao la kukusanyia lilipakwa rangi wakati wa kulisafisha. Multimita ingetuambia kwa nusu dakika: gusa ncha moja kwenye uso wa nje, nyingine kwenye kiini cha waya. Fanya hivyo kabla ya kurusha, si baada.

La pili, mkusanyaji, yaani sehemu inayokusanya elektroni, yuko kivulini. Chombo kinakimbia kuliko ioni, kwa hiyo kinazifagia mbele na kuacha nafasi karibu tupu nyuma yake, kama jahazi linavyoacha mkia wa maji nyuma. Elektroni zinaweza kuingia humo kwa kasi yake, lakini haziwezi kujazana pasipo ioni, zitafukuzana. Sehemu ya kukusanyia iliyofichwa nyuma ya mwili wa chombo itakufa njaa.

La tatu, eneo ni dogo. Mwaka 1993 mtafiti wa Uhispania Juan Sanmartín na wenzake walipendekeza kuachana na tufe na kuuacha waya wenyewe uchi, ukusanye elektroni kwa urefu wake. Sababu ni nzuri. Plazma huficha chaji yoyote ndani ya umbali mfupi, milimita 2 hivi mchana plazma inapokuwa nzito, na sentimita 2 hivi inapokuwa nyepesi. Kitu kikubwa kuliko umbali huo hujizungushia ganda, na ganda huzuia. Waya mwembamba kuliko umbali huo hauzuiliki namna hiyo. Kila elektroni inayopita karibu ina nafasi ya kunaswa.

Baada ya hapo ndipo uangalie mwelekeo. Kwa chombo kinachoelekea mashariki, ncha ya juu ndiyo chanya: elektroni huingilia juu na kutokea chini. Umefunga kathodi juu na mkusanyaji chini? Basi umejenga saketi inayopingana na uga. Kosa hili limefanywa na watu wenye akili sana, kwa sababu alama ya chaji ya elektroni humgeuza mtu kichwa. Chora picha, weka mishale, mpe mwenzako aikague bila wewe kumweleza.

DALILI YA 3: Mkondo unapanda na kushuka kila mzunguko

Huu si ugonjwa. Ni plazma inavyoishi.

Mchana jua huvunja atomi, na kila mita ya ujazo hubeba kufikia elektroni 10^12. Usiku hushuka hadi 10^11 au hata 10^10. Waya uchi wa milimita 1, ukiwa volti 100 juu ya plazma, utakusanya karibu ampea 1 kwa kila kilomita katika ile hali ya kwanza, ampea 0.1 katika ya pili, na 0.01 katika ya tatu. Chombo kinazunguka Dunia kwa dakika 90 na kitu, kwa hiyo utaona mawimbi hayo mara kumi na tano kwa siku.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua, kwani liko juu ya vichwa vyetu. Plazma nzito zaidi haikai juu ya ikweta ya sumaku, mstari ambapo uga wa sumaku wa Dunia hulala sambamba na ardhi. Mchana uga wa umeme huiinua pale, kisha hutelemka pande zote mbili kwa kufuata mistari ya uga na kujenga vilima viwili, takriban digrii 15 kaskazini na 15 kusini. Ikweta ya sumaku kwetu hupita Ethiopia, hivyo kilima cha kusini huangukia maeneo ya Tanzania. Chombo kikipita hapo alasiri, mkondo utaruka bila wewe kufanya lolote. Na jua likishazama, viputo vya plazma nyepesi huchomoza kutoka chini na kupanda katika ukanda huohuo. Ndivyo vinavyovuruga pia mawimbi ya GPS jioni. Mkondo hutumbukia kwa sekunde kadhaa na kurudi. Nimeona watu wakiandika ripoti ya hitilafu kwa ajili ya kiputo.

Ukaguzi ni rahisi: usichore mkondo dhidi ya saa ya chombo. Uchore dhidi ya saa ya jua ya mahali chini ya chombo na dhidi ya latitudo ya sumaku. Mabonde yakijipanga, funga faili. Yasipojipanga, rudi kwenye kathodi na uangalie joto lake linapoingia kivulini.

DALILI YA 4: Mkondo ni mkubwa kuliko hesabu

Furaha hii ichunguzwe. Kwanza hakikisha si uvujaji: mkondo unaopanda polepole pamoja na volti ni plazma, mkondo unaoruka ghafla na kubaki juu ni kihami kilichopasuka. Ukiwa na hofu na la pili, nenda Dalili ya 6 sasa hivi.

Kama unapanda kwa utaratibu, huenda hesabu yako ndiyo ya zamani. Mwaka 1996 setilaiti ya Italia ilikusanya mara mbili hadi tatu ya kile kilichotabiriwa na kanuni ya Parker na Murphy ya mwaka 1967. Kanuni hiyo huchukulia chombo kimetulia ndani ya plazma. Chombo halisi kinakimbia, na kwa kasi hiyo ioni za oksijeni hukipiga zikiwa na nishati ya elektroni-volti 5 hivi. Setilaiti ikipita volti 5 chanya, inaanza kuzirudisha ioni hizo, na plazma ya mbele yake inabadilika kabisa. Vipimo vilionyesha badiliko hilo palepale karibu na volti 5. Chanzo kingine ni gesi ya vipulizio vya kuelekeza chombo: huvunjwa kuwa plazma karibu na mkusanyaji na kuongeza elektroni. Linganisha saa za mkondo kupanda na kumbukumbu za vipulizio.

DALILI YA 5: Mwili wa chombo umekuwa hasi mno

Utaijua kwa vipimo vya plazma vinavyotoa takataka, kompyuta kujizima na kuwaka, au cheche kwenye kingo za paneli. Chanzo cha kwanza ni kilekile cha Dalili ya 2: kathodi imezimika lakini mkusanyaji bado anakusanya, elektroni zinajaa mwilini bila pa kutokea. Cha pili ni mwili usio na chuma cha kutosha nje. Vyombo vya Marekani vya kwenda angani na kurudi, kama Atlantis na Columbia, vilifunikwa kwa vigae vya kihami, na chuma kikubwa kilichogusa plazma kilikuwa midomo ya injini zake nyuma. Cha tatu ni paneli zenye volti nyingi zilizofungwa upande hasi kwenye mwili. Kituo cha Kimataifa cha Angani, chenye paneli za volti 160, kililazimika kufungiwa kathodi za gesi ya zenoni mwaka 2000 kwa sababu hiyohiyo, ili mwili usipite volti 40 kutoka kwenye plazma.

Fungua saketi ya kamba mara moja. Kama kuna binadamu anayefanya kazi nje ya chombo, hapo si mahali pa kujaribu chochote. Kazi inasimama hadi waongozaji wa safari waseme.

DALILI YA 6: Mkondo umeruka ghafla, kisha kimya

Tarehe 25 Februari 1996, chombo cha Columbia kikiwa obitini, ile kamba ya Italia na Marekani ilikuwa imebakiza kilomita 1 hivi kufika mwisho ilipokatika karibu na mnara wa kuitolea. Ncha iliyobaki ilikuwa imeungua, haikukatwa na kitu. Kihami cha Tefloni kilikuwa kimejeruhiwa mahali fulani, na ndani ya waya kulibaki hewa iliyonaswa tangu kiwandani. Jeraha lilipopita karibu na chuma cha chombo, hewa ile ilivuja na kugeuka plazma. Volti 3,500 zikapata daraja, cheche ikawaka mfululizo na kuuunguza uzi wa Kevlar uliobeba mzigo. Mkondo wa zaidi ya ampea 1 ulipita, na uliendelea kupita kwa muda hata baada ya waya kukatika, kutoka kwenye ncha iliyoungua moja kwa moja hadi kwenye plazma. Jambo hilo hunishangaza hadi leo: ncha ya waya iliyoungua ilifanya kazi ya kathodi bora.

Basi tafuta kwa mpangilio huu: jeraha la kihami (kipande cha chuma kwenye gurudumu, kona kali inayokata kama msumeno, sindano ya waya mmoja uliochomoza), kisha hewa au unyevu ulionaswa, kisha volti iliyozidi uwezo wa kihami. Ombwe kamili ni kihami kizuri na hewa ya kawaida ni kihami kizuri. Katikati yake ndipo panapoua: kwenye shinikizo dogo, hewa inaweza kuwaka kwa volti 330 hivi tu.

Ndiyo maana kwenye chumba cha ombwe usiwashe volti kubwa pampu zikiwa bado zinashusha shinikizo. Subiri lifike chini kabisa, na waya uachwe humo saa za kutosha utoe hewa yake. Na kama si wewe uliyefundishwa kazi ya volti kubwa, mwite aliyefundishwa kabla ya kufungua mlango. Kapasita hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na volti 3,500 hazimpi mtu nafasi ya pili.

DALILI YA 7: Kamba inayumba, na kila mzunguko inayumba zaidi

Kani ya umeme haisukumi sehemu moja tu. Inasukuma waya mzima pembeni, na kila mzunguko huongeza kidogo, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake. Kuyumba kwa kuvuka njia ya obiti hurudia mara mbili kwa kila mzunguko, na katika obiti iliyoinama uga wa sumaku nao una mabadiliko ya mwendo huohuo. Punguza mkondo kwanza. Kisha washa pale tu unaposukuma kinyume cha myumbo, uzime unaposukuma pamoja nao. Ikiwa pembe inaendelea kukua mkondo ukiwa umezimwa, tatizo ni la mitambo, na wenye hesabu za mwendo wa obiti ndio waamue kama kamba ikatwe.

DALILI YA 8: Mkazo umepotea na chombo kimebadilisha obiti

Kamba imekatika. Kama hakuna alama ya kuungua katika vipimo vya mkondo, mshukiwa mkuu ni chembe ya vumbi la angani au taka. Waya mmoja mwembamba ni bahati nasibu: kamba ya SEDS-2 ya mwaka 1994 ilikatwa kabla ya siku nne kwisha, na ile ya TiPS ya kilomita 4, iliyokuwa nene na laini zaidi, ilidumu karibu miaka 10. Utepe mpana au nyuzi kadhaa zilizofumwa kwa mapengo huvumilia shimo bila kukatika kabisa.

Uchunguzi wa sababu unaweza kusubiri hadi kesho. Kipande kilichoachiwa hakisubiri: setilaiti ya mwaka 1996 ilipanda na kuburuta karibu kilomita 20 za waya hadi ilipoungua angani tarehe 19 Machi. Saa ileile mkazo unapopotea, wape wanaofuatilia vitu angani mahali, kasi na urefu wa kilichokatika, ili wenye vyombo jirani wapate muda wa kusogea.